Klachi ya Gari Lenye Nguvu Nyingi: Kuchagua Inayofaa Milima na Foleni za Mwanza

Gari limeongezewa presha ya turbo, limefungwa bomba pana la moshi na kompyuta yake imepangwa upya. Ukitoka Buhongwa kuelekea Usagara unaweka gia ya nne na kukanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko unaruka kutoka 3,000 hadi 4,500, ila mshale wa kasi umebaki pale pale. Sekunde chache baadaye inaingia harufu ya kitu kilichoungua, kali, inayokaa puani hata ukishusha vioo. Injini imezidi uwezo wa klachi.

Gereji nyingi zitakupa jibu la haraka: "Kaka, agiza ile ya mashindano, hiyo haiishi." Usilikubali upesi. Klachi ya mashindano imetengenezwa kwa gari linaloondoka mara moja na kukimbia. Gari lako linaondoka mara mia kwa siku, nyuma ya daladala, kwenye mwinuko wa Bugando, jioni watu wakitoka kazini. Unachotafuta ni klachi laini kuliko zote zinazoweza kubeba torki (nguvu ya kuzungusha) ya injini yako pamoja na akiba kidogo. Ukizidisha hapo, unalipa kwa mguu wa kushoto, kwa giaboksi na kwa beringi za krankishafti, ile shafti kuu ya injini.

Hakikisha kwanza kosa ni la klachi

Kuna klachi nzima nyingi zimetupwa kwa kosa la kitu kingine. Jaribio ni rahisi. Injini ikishapata moto, tafuta barabara iliyo wazi yenye mwinuko kidogo, weka gia ya nne kwenye mizunguko 2,500, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mizunguko ikipanda ghafla bila kasi kufuata, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, mbili zikizidi sana, kwa sababu kila jaribio linachoma. Klachi inayoteleza kwa tofauti ya mizunguko 1,000 huku ikibeba Nm 300 (nyutoni-mita, kipimo cha torki) inatoa joto la takribani kilowati 31, sawa na pasi 31 za kilowati moja zilizofungiwa ndani ya kasha lisilopitisha upepo.

Kabla ya kuagiza chochote, angalia pedali. Ikisukumwa kwa kidole, iwe na mchezo wa milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kukaza. Isipokuwa na mchezo, beringi ya klachi inabaki imegusa vidole vya presha pleti (sahani yenye springi inayobana disiki ya klachi kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini) muda wote na kupunguza mkandamizo, kana kwamba kuna mtu ameegemeza mguu. Hapo kinachohitajika ni marekebisho ya fimbo ya masta ya juu (pampu ndogo ya mafuta inayosukumwa na pedali), si klachi mpya.

Cha pili ni oili. Piga tochi chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Ukiona unyevunyevu, sili ya nyuma ya krankishafti au ya shafti ya giaboksi imeanza kuvuja. Oili ya giaboksi ina harufu nzito ya salfa, ya injini haina, na kwa pua tu utajua sili ipi imekufa. Disiki iliyolowa oili huteleza hata ikiwa mpya, na haioshwi ikarudi salama. Petroli itatoa oili ya juu, ila iliyozama ndani ya tabaka la msuguano itatoka tena joto likipanda. Ukifunga klachi ya bei kubwa juu ya sili inayovuja, umenunua shida ile ile mara ya pili.

Klachi inabeba torki, haibebi farasi

Mtu akiulizwa gari lake lina nguvu kiasi gani, anataja farasi. Klachi haijui farasi. Inajua torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm. Uhusiano wake ni huu: torki ni kilowati mara 9,549, gawanya kwa mizunguko kwa dakika.

Chukua magari mawili yenye farasi 400 kila moja, sawa na kilowati 298. La kwanza ni injini ndogo inayotoa nguvu hizo kwenye mizunguko 7,500: pale torki ni Nm 380 hivi. La pili lina turbo kubwa na linazitoa kwenye 5,000: torki ni Nm 569. Farasi ni zile zile, ila klachi ya gari la kwanza ikihamishiwa kwenye la pili itaungua ndani ya wiki. Kwa hiyo anayekuuzia klachi "ya farasi 400" hajakuambia kitu. Muulize inabeba Nm ngapi, na zimepimwa kwenye flaiwili au kwenye matairi.

Swali hilo la mwisho lina uzito. Daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, inapima kwenye matairi, baada ya nguvu kupotea njiani kwenye giaboksi, shafti na difu. Kwa gari linalovuta kwa matairi mawili, kadirio la kawaida la upotevu huo ni asilimia 15. Linalovuta kwa manne hupoteza zaidi. Nm 380 kwenye matairi, gawanya kwa 0.85, unapata Nm 447 kwenye flaiwili. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na karatasi ya klachi. Karatasi za Kimarekani huandika pauni-futi: zidisha kwa 1.356 upate Nm. Za Kijapani za zamani huandika kilogramu-mita: zidisha kwa 9.81.

Kama gari halijawahi kupanda daino, anza na torki ya kiwandani. Toyota Chaser Tourer V ya JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE ilitoka na Nm 378. Lancer Evolution IX GSR ilitoka na Nm 400. Altezza RS200, ambayo haina turbo, ina Nm 216 tu, na wengi wanaoifungia klachi kali hawakuihitaji. Kisha tazama presha ya turbo. Tuseme ilikuwa inasukuma baa 0.7 na sasa inasukuma 1.1. Ongeza presha ya hewa ya kawaida, ambayo ni baa 1 hivi usawa wa bahari: 1.7 imekuwa 2.1, yaani ongezeko la asilimia 23 au 24. Kwa Chaser hiyo, 378 inakuwa kama 467. Ni makadirio ya juu, kwa sababu hewa iliyobanwa zaidi inapata joto na kupungua uzito, lakini kwa kuchagua klachi ni heri kukosea upande huo.

Sasa weka akiba ya asilimia 20 hadi 30. 467 mara 1.25 ni 584. Unatafuta klachi ya Nm 560 hadi 600. Ya Nm 800 usiiguse.

Usipimie Mwanza peke yake

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya Isamilo na Bugando iko juu zaidi. Presha ya hewa hapa ni takribani baa 0.88. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya torki yake ikilinganishwa na Dar es Salaam. Klachi inayoonekana inatosha ukizunguka kati ya Nyegezi na Airport inaweza kuanza kuteleza siku umeshusha gari pwani.

Hata turbo haikwepi kabisa. Geji nyingi za turbo zinaonyesha presha iliyozidi hewa ya mahali ulipo. Baa 1.1 ya Mwanza ni 1.98 kamili, baa 1.1 ya Dar ni 2.1. Mshale umesimama pale pale, ila injini inameza hewa zaidi kwa asilimia 6 hivi. Piga hesabu ya usawa wa bahari, hata kama gari halijavuka Shinyanga tangu ulinunue.

Njia tatu za kuongeza uwezo, na kila moja inachodai

Uwezo wa klachi unatokana na vitu vinne vinavyozidishana: ukali wa msuguano, nguvu ya presha pleti kubana, nusu kipenyo cha wastani cha disiki, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Disiki moja ina nyuso mbili.

Disiki yenye kipenyo cha nje cha milimita 240 na cha ndani 160 ina nusu kipenyo cha wastani cha milimita 100, yaani mita 0.1. Tabaka la kawaida lina msuguano wa 0.30 hivi. Presha pleti ikibana kwa nyutoni 8,000, hesabu ni 0.30 × 8,000 × 0.1 × 2, sawa na Nm 480. Tunataka kufika 600, kwa hiyo kuna sehemu tatu za kugusa.

Ya kwanza ni kubana zaidi. Presha pleti ya nyutoni 10,000 na disiki ile ile ya kawaida inatoa Nm 600. Gari linaondoka taratibu kama zamani, disiki inauma polepole, na kwa gari la mjini njia hii ndiyo yenye raha kuliko zote. Gharama yake iko kwenye pedali. Inakuwa nzito kwa robo, wakati mwingine zaidi, na nguvu hiyo hiyo inasukuma masta ya juu, masta ya chini, foku na mwishowe krankishafti yenyewe. Kila unapokanyaga, krankishafti inasukumwa kwa urefu wake na kuegemea beringi zake za pembeni. Kabla ya kufunga presha pleti nzito kwenye injini ya zamani, weka dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) kwenye flaiwili, isukume mbele na nyuma, usome mchezo. Kwa injini nyingi kipimo kizuri ni kati ya milimita 0.05 na 0.25. Ikikaribia 0.3, tengeneza injini kwanza. Na tangu siku hiyo acha tabia ya kusubiri kwenye foleni umekanyaga klachi. Weka nyutro, achia mguu.

Ya pili ni kubadili tabaka la msuguano. Presha pleti ya nyutoni 8,000 ile ile, msuguano ukipanda hadi 0.38, inafika Nm 608. Pedali inabaki laini. Lakini vitu vinavyouma kwa 0.38 na kuendelea ni seramiki na chuma cha unga kilichochomwa, na hivi havijui kuuma nusu: vimeachia au vimeshika. Kubalansi gari mlimani kwa klachi, tulikokuzoea wote tangu chuo cha udereva, kunakuwa kazi ya mitikisiko. Gari linaruka kama mbuzi anayevutwa kamba. Kipo pia kevla, ambacho kinakaa karibu na tabaka la kawaida kwa ukali, kinaondoka kwa ulaini na kinadumu sana. Ila kikipata joto la kupita kiasi mara moja, kinang'aa kama kioo na hakirudi. Kwenye foleni ya Mkuyuni mchana, sikipendekezi kwa mtu mwenye mguu mzito.

Kuna disiki za mchanganyiko pia, upande mmoja tabaka la kawaida na wa pili seramiki. Karatasi inazisifu kwamba zina mema ya pande zote. Mitaani zinatenda zaidi kama seramiki.

Ya tatu ni kuongeza disiki. Klachi ya disiki mbili ina nyuso nne. Hata kwa disiki ndogo ya nje 200 na ndani 140, wastani wa milimita 85, na tabaka la kawaida la 0.30, nyutoni 8,000 zinatoa Nm 816. Pedali laini, inaondoka vizuri, inabeba mzigo mkubwa. Kama torki yako imepita 650 na gari bado ni la kwendea kazini, hapo ndipo pesa iende. Zipo zinazogongana na kulia kama sahani kwenye beseni ukiwa umekanyaga pedali; kelele hiyo si ugonjwa, ni sahani za katikati zinacheza. Bei yake inauma, na mara nyingi inakuja na flaiwili yake, ambayo usijaribu kuchanganya na nyingine.

Vitu vya kutazama kwenye disiki yenyewe

Ishike mkononi. Katikati kuna springi nne au sita zinazozunguka kitovu. Kazi yake ni kumeza mtetemo wa injini kabla haujafika kwenye meno ya gia. Disiki isiyo na springi, iliyo kipande kimoja, ni nyepesi na inasaidia gia kuingia haraka, lakini barabarani utasikia giaboksi ikilia ukiwa nyutro, na meno yatapokea kila pigo. Kwa gari la mtaani chukua yenye springi.

Kisha itazame kwa ubavu. Kati ya tabaka mbili za msuguano, disiki nzuri ya mjini ina mabati membamba yaliyopindwa kama wimbi. Ukiibana kwa vidole gumba unahisi inanepa kidogo. Mnepo huo, chini ya milimita moja, ndio unaofanya klachi ishike hatua kwa hatua. Disiki nyingi za seramiki hazina, na ndiyo sababu nyingine zinaruka.

Idadi ya vipande vya seramiki, ambavyo ni kama vitofali vidogo vilivyopigwa riveti, ina maana. Vitatu au vinne ni vya mashindano. Sita ndio mpaka wa kuvumilika, na huo nauweka kwa mtu anayeishi tambarare ya Nyakato, si kwa mkazi wa Capripoint. Kama kila siku unapanda mwinuko kurudi nyumbani, funga tabaka la kawaida lenye presha pleti nzito, au nenda disiki mbili.

Kivuko cha Kamanga ni kipimo kizuri cha haya yote. Gari linatakiwa kupanda daraja la chuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, kusogea sentimita chache, kusimama, kusogea tena, huku mhudumu anakupungia mkono na kuna bampa la mtu mbele yako. Klachi isiyoweza hilo haifai kwa gari la mtaani, hata ikibeba Nm 1,000.

Kuhusu maneno "steji 1", "steji 2", "steji 3" yaliyochapwa kwenye maboksi: hakuna kipimo kimoja kinachotawala. Steji 2 ya kiwanda kimoja ni presha pleti nzito na disiki ya kawaida. Ya kiwanda kingine ni vitofali sita vya seramiki. Soma Nm, aina ya tabaka, na kama ina springi. Neno steji liruke.

Giaboksi inayofuata nyuma

Klachi ya kiwandani ilikuwa inafanya kazi nyingine kimyakimya: ilikuwa fyuzi. Nguvu ikizidi, iliteleza na kuokoa gia. Ukifunga isiyoteleza, pigo linakwenda kwenye kitu dhaifu kinachofuata. Wenye Impreza na Forester za turbo zenye gia tano wanalijua hili vizuri, kwa kuwa meno ya gia ya tatu huvunjika yakipigwa torki kubwa ghafla. Giaboksi ya gia sita ya STI ni imara zaidi. Kama una ile ya gia tano, chagua klachi inayoshika polepole, na usiondoke kwa kuachia pedali ghafla kwenye mizunguko 5,000.

Flaiwili: chuma chepesi na mlima havipatani

Flaiwili nyepesi inafanya injini ipande mizunguko haraka, na sauti yake inapendeza. Lakini uzito wa flaiwili ni akiba ya nguvu inayosaidia gari kuondoka bila kuzima. Ukiipunguza kutoka kilo 9 hadi 4, kila kuondoka mlimani kunadai mizunguko zaidi, mizunguko zaidi ni joto zaidi, na disiki inalipa. Kwa mji wa mawe na vilima kama huu, baki na uzito wa kiwandani au punguza kidogo tu, na iwe chuma cha kuchongwa. Flaiwili ya chuma cha kuyeyushwa iliyopunguzwa uzito na fundi kwa mashine ya kukereza inaweza kupasuka kwa mizunguko mikubwa, na vipande vyake hupita bodi ya gari na miguu ya watu.

Kama unabaki na ya zamani, ikerezwe. Tazama uso wake: madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama nywele maana yake iliungua. Nyufa zinazofika ukingoni, itupe. Madoa peke yake, peleka ikerezwe kiasi kidogo tu cha kusafisha uso, na mwambie mkerezaji uso uwe bapa. Ukizungusha flaiwili na dayo geji, mshale usicheze zaidi ya milimita 0.1. Flaiwili zenye ngazi, ambapo pale presha pleti inapofungwa ni juu au chini ya uso wa msuguano, lazima zikerezwe nyuso zote mbili kwa kipimo kile kile. Akikereza mmoja tu, amebadilisha mkandamizo wa presha pleti, na hesabu yote ya Nm uliyoifanya imeharibika.

Ya kuvuta au ya kusukuma

Baadhi ya presha pleti huachia kwa beringi kusukuma vidole vyake, nyingine kwa kuvivuta. Evolution za gia za mkono kuanzia ya IV hadi ya IX na STI za gia sita ni za kuvuta. Hazibadilishani, na boksi linaweza kufanana. Pamoja na hilo, hakikisha kipenyo cha disiki na idadi ya meno ya shafti. Njia ya uhakika ni kutoa disiki ya zamani, kuhesabu meno, kupima kwa venia, na kutuma picha na vipimo kwa muuzaji kabla mzigo haujapandishwa basi kutoka Kariakoo.

Wakati wa kushusha giaboksi ya klachi ya kuvuta, beringi lazima ichomolewe kwanza kwenye foku au kwenye vidole. Fundi asiyejua ataona giaboksi imekwama, ataingiza mtaimbo na kuilazimisha. Itatoka, ikiwa na vidole vilivyopinda.

Mpya, feki na ya mtumba

Klachi za mtumba zinazokuja na injini kutoka Japani zinaweza kuwa nzuri, mradi upime. Kina kutoka uso wa tabaka hadi kichwa cha riveti kikishuka hadi milimita 0.3, hiyo ni ya kutupa, si ya kufunga. Kwa gari lenye nguvu sifungi yenye chini ya milimita 1. Vidole vya presha pleti viwe usawa mmoja. Uso wake usiwe wa bluu.

Feki hujulikana kwa vitu vidogo. Riveti zimekaa kina tofauti, springi za katikati unazizungusha kwa kidole, maandishi yamebandikwa badala ya kuchongwa, meno ya kitovu yana makali yasiyofutwa. Peleka kitovu kwenye shafti ya giaboksi: kiteleze chenyewe, bila kukwama na bila kutikisika ovyo.

Kufunga

Nunua vyote kwa pamoja: disiki, presha pleti, beringi ya klachi, beringi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi), boliti mpya za flaiwili na sili ya nyuma ya krankishafti. Giaboksi kushuka mara ya pili kwa ajili ya beringi ndogo ya pailoti ni hasara isiyo na sababu.

Osha flaiwili na uso wa presha pleti kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa kisichoacha nyuzi. Petroli na dizeli zinaacha mafuta. Usishike nyuso hizo kwa mkono wenye girisi, na disiki ishikwe ukingoni.

Disiki ina upande. Wenye maandishi ya kuelekea flaiwili ukae huko. Ikigeuzwa, springi zinagusa boliti za flaiwili na klachi haiachii kabisa. Paka girisi ya joto kali kwenye meno ya shafti, kiasi cha punje ya harage, ingiza disiki, itoe, futa iliyobaki. Ikizidi, mzunguko utairusha kwenye disiki.

Tumia kifaa cha kuweka senta. Kaza boliti za presha pleti kwa mtindo wa msalaba, mizunguko miwili kila moja kwa zamu, hadi ikae, kisha spana ya torki. Nyingi ni M8 na hukazwa kati ya Nm 16 na 25, lakini namba ya kitabu cha gari lako ndiyo ya kufuata. Anayekaza boliti moja hadi mwisho kabla ya nyingine anapinda kava, na gari litatetemeka kila likiondoka.

Giaboksi isiachwe ikaning'inia kwenye disiki hata kwa dakika. Ipandishwe na jeki, iingie hadi ikutane na injini kwa mkono. Ikibaki mwanya, usiivute kwa boliti. Itoe uangalie senta.

Rudisha mpira wa kufunika tundu la foku na bati la chini. Hivi huachwa chini ya benchi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na mvua ya Mwanza ikileta maji ya tope barabarani, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye disiki. Gari likikaa siku kadhaa baada ya hapo, disiki inaweza kushikana na flaiwili kwa kutu.

Badilisha mafuta ya masta, DOT 4 mpya kutoka chupa iliyokuwa haijafunguliwa, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa, na toa upepo hadi pedali iwe sawa. Kisha rekebisha mchezo. Presha pleti nyingi za nguvu huachia mapema kuliko ya kiwandani. Pedali ikiruhusiwa kuzisukuma kupita mwisho wao, vidole huchoka na kuvunjika. Gia ikiingia bila kukwaruza na pedali bado ina sentimita mbili au tatu hadi sakafuni, inatosha. Kama kuna nati ya kuzuia pedali, iweke hapo.

Kilomita 800 za kwanza

Nyuso mpya bado hazijakaa. Disiki ya tabaka la kawaida au kevla inataka kilomita 500 hadi 800 za mjini: kuondoka, kubadili gia, kusimama, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho. Safari ya kwenda Shinyanga na kurudi haihesabiki, kwani ukiwa gia ya tano kilomita 160 klachi haijafanya kazi yoyote. Zunguka Kirumba, Pasiansi, Igoma. Harufu kidogo siku mbili za kwanza ni kawaida. Harufu inayoendelea wiki nzima, pamoja na kuteleza, maana yake kuna oili, pedali haina mchezo, au vipimo havikulingana.

Ukifika 800, rudi kwenye mwinuko ule ule, gia ya nne, mizunguko 2,500, kanyaga hadi mwisho. Mshale wa mizunguko na wa kasi ipande pamoja. Siku hiyo hiyo pima tena mchezo wa pedali, kwa sababu disiki mpya ikikaa mchezo unaweza kubadilika, na piga tochi chini ya giaboksi kutazama kama ile sili mpya imebaki kavu.